Mtoto aitwe kwa ukoo wa nani kama wazazi hawajaoana?

Huu ugomvi wa jina la ukoo la mtoto, wazazi wakiwa hawajafunga ndoa, huwa unaanza kimasihara mimba ikiwa na miezi minne mitano, ikifika wiki ya kujifungua umeshakuwa kesi. Baba anasema damu yangu, jina langu, hamna mjadala. Mama anasema mimi ndo nimebeba tumbo, mimi ndo nitaamka usiku, na ndoa umeipiga chenga miaka yote hii, sasa jina unalidai kwa lipi? Hapo bibi wa upande mmoja kashaongea, shangazi wa upande wa pili kashanuna, na mwenye jina lake bado hajazaliwa.

Mi naona wote wana pointi, ila wote wanalibebesha jina kazi ambazo sio zake. Baba anadhani mtoto akiitwa kwa ukoo wake basi kashamilikishwa, mama anadhani akimnyima jina basi kajilinda au kamkomoa. Kumbe kwenye usajili wa kuzaliwa kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, kuna jina la mtoto na kuna taarifa za baba, na havitegemeani. Mtoto anaweza kubeba ukoo wa mama na baba akaandikwa vizuri tu kwenye nafasi yake, na anaweza kubeba ukoo wa baba huku ile nafasi ya baba ikiwa na kistari. Sasa kinachogusa matunzo, urithi, na wakati mwingine hata uraia, kwa nchi nyingi ni ile nafasi ya baba, sio jina. Mfano kule England na Wales, tangu tarehe 1 Desemba 2003 baba ambaye hajaoa akiandikishwa kwenye cheti pamoja na mama anapata haki na wajibu wa mzazi kisheria, na sheria haiulizi kabisa mtoto kaitwa ukoo wa nani. Kwa hiyo mwanaume anaweza kushinda vita ya jina akawa kapoteza kile chenye maana, na asijue mpaka siku wameachana na anataka kumuona mtoto wake.

Tuanze na upande wa baba maana siku hizi unadharauliwa kirahisi. Umama unaonekana kwa macho, kila mtu aliona tumbo, wauguzi walikuwepo. Baba ambaye hana ndoa hana cha kuonyesha, na jina ndo tangazo lake mbele za watu kwamba huyu ni wangu na sijifichi. Halafu kuna ndugu wa baba, mtoto akiwa na jina lao wanamchukulia wa kwao bila maswali, akiwa na jina lingine kuna wale ambao miaka ishirini baadaye msibani watajifanya hawamjui. Hiyo hoja ina uzito, siwezi kuidharau. Ila ile ya kwamba jina linamfunga mwanaume asikimbie mi siikubali, wanaokimbia wanakimbia tu, jina wanamwachia mtoto na mtoto anabaki nalo maisha yake yote akimtafsiria kila anayeuliza.

Na tusisahau kuna wanaume ambao hawakukimbia, ni sheria iliwabania. Afrika Kusini kulikuwa na baba ambaye alitaka kumwandikisha binti yake, mama alikuwa raia wa Kongo na viza yake imeisha, ofisi ya usajili ikagoma, na sheria yao ya 1992 ilikuwa haimruhusu baba asiyeoa kumwandikisha mtoto kwa ukoo wake bila mama kuwepo na kukubali. Ikaenda mpaka Mahakama ya Katiba, na Septemba 2021 kifungu hicho cha 10 kikafutwa. Kenya ilikuwa kinyume chake, huko aliyebanwa ni mama. Kifungu cha 12 cha sheria yao ya usajili wa vizazi na vifo kilikuwa hakiruhusu jina la baba liingie kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa mpaka baba aombe pamoja na mama, au kuwe na ushahidi kwamba walioana. Yaani baba akisusa tu kwenda ofisini, mtoto anabaki hana baba kwenye makaratasi. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema hiyo inapingana na katiba. Angalia hizo kesi mbili vizuri, hakuna hata moja ambayo kidonda chake ni jina lenyewe, kidonda ni mtoto kukosa mzazi mmoja kwenye karatasi.

Haya, upande wa mama. Hoja yake kubwa wala sio uchungu wa kuzaa, ni maisha ya kila siku. Wazazi wasiooana wakiachana, mara nyingi mtoto anabaki kwa mama, na mama ndo atazunguka naye kwenye madirisha ya ofisi. Chukua kaunta ya uhamiaji uwanja wa ndege. Mama ana pasipoti mbili mkononi, mtoto kamlalia begani, afisa anafungua hii, anafungua ile, anaangalia jina, anaangalia tena, "huyu mtoto ni nani wako?" Ni mwanangu. "Mbona majina hayafanani, una barua ya baba yake?" Foleni nyuma inaanza kuguna, mama anahangaika kutafuta picha ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu, mtoto kaamka na anaanza kulia. Ni kweli baba akisafiri na mtoto mwenye ukoo wa mama yatamkuta hayo hayo, ila swali ni nani kati yao atasimama kwenye hiyo kaunta mara nyingi zaidi. Ujerumani wamelichukulia hivyo hivyo bila makuu: wazazi hawajaoana na malezi kisheria yako kwa mama peke yake, mtoto anapata ukoo wa mama, na akitaka apewe wa baba wanakubaliana. Japani nako mtoto wa nje ya ndoa anaanza na ukoo wa mama. Hakuna anayeona ni matusi kwa baba, ni utaratibu tu.

Ila na mama nao wana mambo yao. Kuna kesi ilifika House of Lords, ambayo wakati huo ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, mwaka 1999, mama alizaa na mwanaume ambaye hawajaoana, wakaachana mtoto akiwa bado mchanga kabisa, mama akamwandikisha mtoto kwa ukoo wa mume wake wa zamani! Sababu yake ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa bado analitumia hilo jina na watoto wake wakubwa pia wanalo. Baba mzazi akakimbilia mahakamani, akashindwa. Ukiisikia haraka unasema huo ni uonevu, mtoto wangu abebe jina la mwanaume mwingine? Lakini ukikaa nayo unaona mama alikuwa anataka nyumba moja iwe na jina moja, na mahakama ikaona hamna sababu ya kutosha inayohusu maslahi ya mtoto ya kubadili kilichokwisha kuandikwa. Mi nisingemshauri mtu afanye vile, ila kuna la kujifunza pale, jina likishaingia kwenye kitabu kulitoa ni shughuli pevu, kwa hiyo anayesema "tuandike tu chochote tutabadilisha baadaye" anajidanganya.

Ya majina mawili, la baba na la mama pamoja, watu wanaileta kama dawa ya kila kitu. Hispania na Ureno wanaishi hivyo miaka mingi na hawajafa. Italia Mahakama ya Katiba ilisema 2022 kwamba mtoto achukue ya wazazi wote wawili isipokuwa wakubaliane moja, na hapo hapo ikaliomba bunge litafute namna ya kuzuia majina yasizaane kila kizazi, maana mwenye mawili akizaa na mwenye mawili mtoto anakuwa na treni. Na ugomvi wenyewe hauishi, unahamia kwenye lipi litangulie. Ufaransa wazazi wakisema rasmi kwamba hawajaelewana, mtoto anapewa yote mawili kwa mpangilio wa alfabeti, basi, kalalamikie herufi. Hispania tangu 2017 wanapewa siku 3 waelewane, wakishindwa anaamua msajili kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Hebu fikiria, mtu mmesomeana meseji za mapenzi miaka mitatu halafu jina la mwanenu linapangwa na karani ambaye hamjawahi kuonana naye.

Kwangu mimi, kama mnaishi pamoja na wote mnahudumia, yoyote litafaa, na mawili ni feya zaidi mkikubali tabu ya fomu. Kama kila mtu anaishi kwake, au mahusiano yenyewe hayaeleweki, mpeni mtoto ukoo wa mama na baba aandikwe kamili kwenye nafasi yake, aende mwenyewe akasaini. Najua wanaume wengi hapo watanirukia. Lakini anayeenda kusaini kaonyesha uanaume kuliko anayepiga kelele ya jina kwenye simu. Na kama kuna wasiwasi wa damu, kapimeni DNA mapema, msifanye jina ndo kipimo.

Ambacho sikubaliani nacho kabisa ni kuligeuza jina chambo. "Ukinioa ndo atapata ukoo wako", au upande wa pili, "haitwi jina langu basi sitoi hela". Hii ya pili ni mbaya zaidi, matunzo yanafuata nani ni mzazi, hayafuati mtoto kaitwa nani, na mwanaume anayejaribu kujitetea hivyo mbele ya hakimu anajiaibisha bure.

Bado kuna ile ya wazazi kuja kuoana baadaye, au mama kuolewa na mtu mwingine, na hapo kila mtu anataka mtoto abadilishwe ukoo afanane na nyumba mpya. Hilo linawezekana kwa nchi nyingi kwa kibali cha wazazi au amri ya mahakama, ila Ujerumani wameongeza sharti ambalo mi nalipenda sana: wakitaka kumhamishia ukoo mwingine na ameshatimiza miaka 5, lazima na yeye mwenyewe akubali. Na wa miaka 5 jina lake anakuwa ameshaanza kujifunza kuliandika, na anajua vizuri tu akiitwa lingine.