Mstari wa siku 200 unajua nini kuhusu kampuni?

Jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, mzee mstaafu wa bandari, ana daftari la miraba ambalo hamwonyeshi kila mtu. Kila jioni kabla ya magharibi anaandika bei ya kufungia, yaani ya mwisho wa siku sokoni, ya hisa tatu alizonazo: benki moja, kiwanda kimoja cha saruji na kampuni moja ya simu. Kwa kalamu nyeusi anaweka nukta ya bei. Kwa kalamu nyekundu anaweka nukta ya wastani wa siku 200 zilizopita. Wiki iliyopita nukta nyeusi ya benki ilishuka chini ya nyekundu, naye akanipigia simu. "Mwanangu, imevuka. Niuze?"

Nilimwambia nitapita jioni. Swali lenyewe halijibiki kwa simu, na kwa kweli halina jibu moja.

Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua bei za kufungia za siku 200 za soko, unajumlisha, unagawa kwa 200. Kesho unaiongeza bei ya kesho na kuitoa ile kongwe kuliko zote. Ndiyo maana huitwa wastani unaotembea. Kwa kalenda ya soko, siku 200 ni miezi tisa na ushei. Kazi yake ni kufuta makelele ya kila siku. Mvuvi anayesubiri kushusha chombo pale Deep Sea hababaishwi na wimbi moja lililopiga gati. Anachotaka kujua ni kama maji yanajaa au yanakupwa. Mstari mwekundu wa mzee unadai kujua hilo la pili.

Wanaoutetea wana hoja, na hoja yao inakuwa na nguvu zaidi kampuni ikiwa kubwa. Mfuko wa pensheni wenye mamilioni ya hisa ukishaamua kuondoka hauwezi kuziuza zote Jumatatu asubuhi, maana wenyewe ungejivunjia bei. Unauza kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi. Mizania iliyokaguliwa haionyeshi jambo hilo, wala mkurugenzi hatalitaja kwenye mkutano wa mwaka, lakini nyayo zake hubaki kwenye bei. Bei ya kampuni kubwa ikikaa chini ya wastani wake kwa miezi, aghalabu kuna watu wazito wanaotoka kwa mlango wa nyuma.

Tazama General Electric ya Marekani, kampuni iliyokaa mfululizo tangu 1907 kwenye faharisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa chache za huko. Mwaka 2017 ulianza hisa ikiwa juu kidogo ya dola 31. Ikateleza chini ya mstari wake mapema mwaka huo, wakati bado wengi wanaiona ni mwamba. Gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikatwa nusu Novemba 2017, kampuni ikaondolewa kwenye Dow Juni 2018, na mwaka huo ukaisha hisa ikiwa na thamani ya dola saba na senti. Aliyekuwa na daftari kama la mzee wangu angepata onyo miezi mingi kabla ya tangazo la gawio, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa mahesabu yao, ambayo hata wenye digrii waliyaona mazito.

Mporomoko wa 2008 nao unasema hivyohivyo. Faharisi ya S&P 500, inayopima kampuni kubwa 500 za Marekani, ilifika kilele Oktoba 2007 kwenye 1,565. Kufikia Januari 2008 ilikuwa chini ya wastani wa siku 200, ikabaki huko karibu muda wote hadi Juni 2009, na katikati ya safari hiyo ilishuka mpaka 676. Mtu aliyetoka Januari na kurudi Juni ya mwaka wa pili alilala usingizi.

Sisi wa Tanga tunakijua kifo cha polepole. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, na haikuwahi kutokea asubuhi moja ambayo mtu angesimama Barabara ya Nne akasema leo ndiyo leo. Mwaka ulikuwa mbaya kidogo kuliko uliopita, basi. Kwa maangamizi ya namna hiyo, yasiyo na tarehe, wastani mrefu ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya binadamu, kwa sababu binadamu hukumbuka kilele.

Lakini shahidi huyu huchelewa kufika, na ucheleweshaji wake umo ndani ya hesabu yenyewe. Chukua hisa iliyokaa shilingi 1,000 kwa siku 200. Ghafla ikaanguka hadi 800 na kubaki hapo. Mstari utashuka shilingi moja tu kwa siku: kila siku inaingia 800 na kutoka 1,000, tofauti ni 200, ukigawa kwa 200 unapata moja. Baada ya siku 100 mstari unasema 900, bei ambayo hakuna aliyeuzia wala kununulia hata siku moja. Nilipomfanyia mzee hesabu hii pembeni ya daftari alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe huu mwekundu unanisimulia habari za mwaka jana." Si uongo.

Machi 2020 ucheleweshaji huo uliwaumiza watu. Korona ilipoangusha masoko, S&P 500 iligusa chini kabisa tarehe 23 Machi. Wastani wa siku 50 ulikata chini ya ule wa siku 200, ishara ambayo wachambuzi huiita makutano ya mauti, tarehe 30 Machi. Yaani mauti yalitangazwa wiki moja baada ya mgonjwa kuanza kupona. Aliyeuza siku hiyo aliuza faharisi ikiwa takriban 2,600. Aliyesubiri makutano ya dhahabu, yale ya kurudi juu, aliyapata Julai, faharisi ikiwa takriban 3,150. Alilipa asilimia 20 zaidi kukirudisha kitu kilekile alichokuwa nacho.

Wasomi nao hawakukubaliana. Mwaka 1992 William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walizipima kanuni za aina hii kwa bei za Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986, wakakuta kwamba siku zilizofuata ishara ya kununua zilikuwa na faida kuliko zile zilizofuata ishara ya kuuza. Wenye chati wakashangilia. Mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White wakaja na swali la kiungwana: ukijaribu kanuni karibu 8,000, si lazima moja itang'aa kwa bahati tu? Waliposogeza kipimo mbele, kwenye miaka kumi iliyofuata baada ya 1986, ile kanuni iliyokuwa bora haikuendelea kung'aa. Mimi nasimama karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa mfano wa General Electric unaninyima usingizi kidogo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo mstari unapopata taabu ambayo vitabu vya Marekani havina haja ya kuieleza. Pale New York hisa za kampuni kubwa hubadilishana mikono kwa mamilioni kila siku. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ukiacha chache kama za benki za CRDB na NMB ambazo zina wanunuzi wengi, zipo hisa zinazoweza kumaliza siku bila mtu kuzigusa. Bei ya kufungia inabaki ileile ya juzi. Mzee ananakili 500, 500, 500, mara nane, kisha 520 mara mbili, anapata wastani wa 504 na kusema hisa imetulia. Haijatulia. Ni kisima ambacho hakuna aliyeteka maji, ndiyo maana hakina mawimbi. Katika siku 200 za daftari lake la saruji tulihesabu pamoja zile zenye biashara ya kweli, tukachoka kabla ya kufika 90. Wastani wa siku 200 kumbe ulikuwa wastani wa miezi mingi ya kimya.

Kuna na lingine. Kampuni kubwa hapa kwetu mara nyingi ina mwenye hisa mmoja mkubwa, na akigeuka, kila kitu kinageuka naye. Kiwanda cha Pongwe, Tanga Cement, kilichoorodheshwa sokoni tangu 2002, ni mfano ulio kilomita chache tu kutoka tulipokaa. Oktoba 2021 ilitangazwa kuwa Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement, inataka kununua asilimia 68.33 za hisa zake kutoka kwa AfriSam. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likauzuia mpango huo. Baadaye ukapita, na mwaka 2024 umiliki ukahamia tena, safari hii kwa kampuni ya Kitanzania ya Amsons. Wastani gani ungeyaona hayo? Hatima ya mwenye hisa 500 wa Makorora ilikuwa inaamuliwa na mawakili na majalada, wala si na kujaa na kupwa kwa bei.

Tena kila kuvuka kuna gharama. Bei ikicheza juu na chini ya mstari mara tatu kwa mwaka, nawe ukauza na kununua kila mara, dalali anapata mara sita. Mtu mwenye hisa za laki tano hawezi kuubeba mchezo huo.

Kwa hiyo nilipofika kwake jioni ile, na kahawa ikiwa imeshamiminwa, sikumwambia auze wala asiuze. Nilimwomba afungue ukurasa wa benki tuitafute siku yenyewe ya kuvuka. Maana kwa maoni yangu kazi halali ya mstari huu ni moja: kumgongea mlango mwenye hisa aliyesinzia, aende akatazame tena faida, madeni na mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawailipi. Akishaamka, mstari hauna la kumfundisha zaidi.

Tarehe tuliipata. Siku moja kabla yake bei ilikuwa 1,040 na mstari 1,010. Siku yenyewe bei ikawa 980. Nikamuuliza kama anakumbuka benki ilifunga lini daftari la wanaostahili gawio. Akaenda chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Gawio lilikuwa shilingi 65 kwa hisa, na ile ya 980 ndiyo asubuhi ya kwanza ambayo mnunuzi mpya hakuwa na haki nalo. Bei haikuanguka kwa ubaya wowote. Ilipungua kwa kiasi kile kile, au pungufu kidogo, ambacho yeye mwenyewe anakwenda kulipwa.

Akaitazama karatasi, akalitazama daftari. "Yaani nilitaka kuikimbia pesa yangu mwenyewe," alisema. Kisha akamwita mjukuu wake amletee kalamu ya tatu, ya buluu, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akizitia alama siku za gawio.