Aliyemtuma yule nyoka ni panya

Wiki mbili sasa sijalala vizuri, na si kwa sababu ya nyoka. Nyoka mwenyewe alikufa jioni ileile, mvua ilikuwa imetoka kukatika, matuta ya lengalenga ya jirani yangu bado yanachuruzika maji. Nikasikia watoto wanapiga kelele "nyoka! nyoka!", nikatoka mbio, nikakuta vijana wanne wa avenyu yetu na majembe na panga, na kitu cha rangi ya kahawia kimeshapondwa kichwa pale chini ya ukuta. Urefu wake haukufika hata mkono wangu.

Ingeishia pale nisingeandika kitu. Lakini mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hii nyoka si ya bure," yaani imetumwa kwa uchawi. Maneno matano, na shingo zote zikageukia nyumba ya nkambo, yule bibi mzee wa ng'ambo ya ukuta.

Na sisi watu wa Lubumbashi tunajua shingo zinageuka kwa nini. Ni mjane, anaishi na mjukuu mmoja, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka na miaka, na wiki ileile alikuwa amegombana na mwenye lupango, yaani huyo jirani yangu mwenye kiwanja, juu ya foleni ya maji kwenye robine (bomba). Basi, kesi imekwisha. Hakuna aliyeuliza nyoka alikuwa wa namna gani wala alikuwa anatafuta nini mu lengalenga.

Mi niliinama nikamwangalia. Ngozi laini ya kahawia, mistari miwili hafifu myeupe inapita pembeni ya kichwa, au kile kilichobaki cha kichwa. Huyu ni nyoka wa nyumba, hana sumu, anakuja usiku kukamata panya na kwenda zake. Katikati ya tumbo kulikuwa na uvimbe. Nikamwomba kijana mmoja apasue. Akapasua taratibu kwa ncha ya panga, na panya akatoka, manyoya yamelowa yameganda mwilini, mkia bado mzima kabisa. Nikasema jamani angalieni, huyu ndo aliyemwita hapa. Wakanyamaza kidogo, mimi nikadhani wameelewa. Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Na ile panya pia, nani anajua kama ni ya bure?"

Pale niliishiwa nguvu, nasema ukweli.

Kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele ya macho yetu. Mwenye lupango ana magunia ya mahindi mu jiko la nyuma, mlango wake haufungi vizuri, panya wanaingia na kutoka wanavyotaka. Hatua tatu kutoka jikoni kuna lundo la matofali ya ukuta ambao haujajengwa mwaka wa pili huu, na kati ya tofali na tofali ni vyumba vya nyoka, kavu, vyenye giza, vyenye joto. Nyuma ya matofali kuna kichuguu kikubwa walichokikata nusu wachukue udongo, mashimo yake yote yako wazi. Pembeni kuna matuta yanayomwagiliwa kila jioni, kwa hiyo vyura. Sasa mvua za Novemba zikianza, maji yanajaa mashimo, vyura wanatoka, nyoka naye anatoka. Kila mwaka inakuwa hivyo, tangu kabla mji huu haujajengwa mwaka 1910, tena nyumba nyingi tunazojenga siku hizi kule pembeni tunazijenga juu ya pori lake. Hajatumwa na mtu. Yuko kwake, na sisi tumemwekea chakula.

Na hili si la avenyu yetu tu. Mwaka jana jamaa mmoja avenyu ya pili aliokota gamba la nyoka kwenye nyanya zake, akalifunga mu sacheti, akampelekea mchungaji, familia nzima ikafunga kula siku tatu pamoja na watoto. Lile gamba nililishika. Ni jepesi kama ganda la kitunguu, limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka, na pale penye macho kuna viduara viwili vinavyong'aa kama kioo, maana nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba linalopitisha mwanga na akijivua analivua nalo. Kila nyoka anayekua anajivua hivyo. Watoto walishinda njaa siku tatu juu ya hiyo.

Haya, sikatai, wa kuua wapo. Katanga yetu ina koboko, ina swila anayetema sumu mpaka machoni (osha jicho kwa maji mengi, mengi, halafu hospitali), ina moma, yule mfupi mnene anayelala mu majani makavu na hakimbii hata ukimkaribia, ndo maana watu wanamkanyaga. Ukimkuta mmoja wa hao pale watoto wanapocheza siwezi kukuambia umwache. OMS, Shirika la Afya Duniani, inahesabu watu kati ya 81,000 na 138,000 wanaokufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na dawa yenyewe ya sumu ni shida, ile Fav-Afrique ya Ufaransa iliachwa kutengenezwa 2014. Lakini ndo inayonitia hasira zaidi: mtu akiumwa, saa ya kwanza tunaipoteza kutafuta nani amemtumia, saa ya pili kwa jiwe jeusi na kuchanjachanja mguu, na sumu haitusubiri. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Usikate, usifunge kamba, mguu utulie, nenda.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaadhibu. Vizuri. Na mama mzee wa miaka sabini, yeye nani anamlinda? Tangu jioni ile nkambo hakutoa sinia lake la karanga nje. Mjukuu wake alikuwa anakwenda robine saa kumi na moja asubuhi, watu wasimuone. Majirani waliokula karanga zake miaka kumi wanavuka barabara.

Siku ya posho, Jumamosi, nilichukua wanangu wawili, tukamwomba mwenye lupango tumsaidie kuhamisha matofali. Alikubali, ingawa hakusema mengi. Tuliyapanga upya juu ya mbao, mbali na bustani, tukakuta viota vitatu vya panya na hakuna nyoka hata mmoja. Tukaziba mlango wa jiko kwa bati.

Halafu nikaenda kwa nkambo. Nilibisha mara tatu ndo akafungua, kidogo tu, upana wa uso. Nikamwambia, "Nkambo, nimekuja kununua karanga." Akaniangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Mwanangu, ile nyoka yenyewe, ilikuwa murefu?"

Hakuwa amemuona. Nikamwonyesha kwa mkono, kuanzia kwenye vidole mpaka hapa chini ya bega.