Mahujaji wa Clonmacnoise

Michoro ya zamani ya magofu ya Ireland naipenda, na papo hapo inaniudhi. Chukua kitabu cha magofu hayo alichokianza Francis Grose, Mwingereza mpenda mambo ya kale, ambaye alifariki Dublin mwaka 1791 hajakimaliza, wengine wakakiendeleza. Michoro ya aina ile utaijua tu: ukuta nusu umelala chini, mimea imetambaa mpaka dirishani, wingu zito juu, na pembeni labda bwana mmoja na fimbo yake anashangaa. Ukitazama unaona kama vile miaka ndiyo iliyobomoa.

Miaka gani? Clonmacnoise, monasteri ya Mtakatifu Ciarán iliyoanza karne ya 6 kando ya mto Shannon, ilikombwa mwaka 1552 na askari wa Kiingereza kutoka Athlone. Watawa walioandika kumbukumbu za Ireland karne iliyofuata walisema haikuachwa kengele, kubwa wala ndogo, wala sanamu, wala altare, wala kitabu, hata kioo cha dirisha. Mimea ilipofika, watu walikwisha maliza kazi. (Tusimsingizie mtu, lakini: mnara mkubwa wa pale ulikatwa kichwa na radi mwaka 1135, miaka 11 tu tangu ukamilike.)

Ndiyo maana kila mara narudi kwa George Petrie, mchoraji na msomi wa Ireland. Yapata mwaka 1838 alichora Clonmacnoise kwa rangi za maji, na picha hiyo iko katika jumba la taifa la sanaa huko Dublin. Magofu ni yale yale: mnara wa duara, misalaba ya mawe, mto, jua linazama. Ila humu wamo watu, na si watalii. Ni mahujaji, wamekuja kuzunguka mahali patakatifu kwa sala kama walivyofanya wazee wao. Nimeikuza picha kwenye simu mpaka ikawa ukungu, nikiwafuata wale watu wadogo kati ya makaburi. Paa hakuna, kengele hakuna, na ibada inaendelea. Kwao pale hapajawahi kuwa gofu.

Nadhani Petrie aliwaona kwa sababu alizoea kuwasikiliza. Wakati huo wasomi walikuwa wakigombana kuhusu minara ya duara. Huyu anasema ni mahekalu ya waabudu moto, yule anasema ni kazi ya watu wa Denmark. Petrie akafungua maandishi ya kale ya Kiairishi, akakuta minara ina jina lake: cloigtheach, nyumba ya kengele. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya lugha ya wenyeji muda wote, ila mabwana wa fimbo hawakuuliza. Hoja yake ilichapishwa kitabuni mwaka 1845, na mpaka leo imesimama kuliko hizo nyingine zote.

Kosa lake ninaloliona liko kwenye jina la picha. Aliiita mzunguko wa mwisho wa mahujaji, naye akashikwa na huzuni ile ile ya wenzake. Haukuwa wa mwisho. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alipozuru Ireland alifika Clonmacnoise kusali, na kila Septemba, sikukuu ya Ciarán inapokaribia, bado kuna wanaokwenda.