Kidole Kinatosha kwa Laini, Kwa Nini Kisitoshe kwa Kitambulisho?

Siku hizi ukimwambia mtu umepoteza kitambulisho cha Taifa, jibu analo mdomoni: "Si uingie tu mtandaoni?" Analisema kana kwamba kadi itachapika humo humo kwenye simu. Ukweli ni kwamba kilichohamia mtandaoni ni vipande viwili vya safari, kutoa taarifa polisi na kulipia. Taarifa unaijaza kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, unalipia shilingi 500 na kupata ripoti ya upotevu, ile tunayoiita losi ripoti. Ada ya kitambulisho kingine ni shilingi 20,000, nayo unailipa kwa simu ukishapewa namba ya malipo. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya wilaya ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na karatasi zako mkononi, kama zamani.

Sibezi hatua hiyo. Kuna wakati kuandikiwa ripoti kulitegemea askari wa zamu ameamkaje, na kama karatasi ipo au imeisha. Kuijaza ukiwa kitandani saa nne usiku ni afadhali kubwa. Ugomvi wangu ni na ripoti yenyewe: inatafuta nini katika safari hii?

Mwaka jana nilikuwa kwenye steshenari moja ya Mbagala, Dar es Salaam, nimekwenda kutoa kopi. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja aliyepotelewa na pochi, na kijana wa kompyuta alikuwa akimjazia fomu. Jina, namba ya simu, aina ya kilichopotea. Wakafika kwenye mahali.

"Mzee, kimepotelea wapi?"

"Mwanangu, ningejua kilipopotelea si ningekwenda kukiokota?"

Tulicheka wote mle ndani. Kijana akamweleza kwa upole kwamba pale pakibaki wazi mfumo hauendelei mbele. "Basi andika hapa hapa Mbagala." Tarehe ikawekwa ya juzi, maana juzi ndipo alipokihitaji asikione. Akalipa ile 500, na juu yake pesa ya kujaziwa na ya kuchapisha, akatoka na karatasi yenye nembo ya Jeshi la Polisi inayoshuhudia tukio ambalo hakuna askari aliyeliona na mwenyewe hana hakika nalo.

Sasa nenda nayo NIDA. Pale kaunta wanachotaka kujua ni kimoja tu: huyu aliyesimama hapa ndiye mwenye namba hii ya kitambulisho? Kwa swali hilo karatasi ya mzee haina msaada wowote. Jibu wanalo wenyewe, kwenye kanzidata yao, tangu siku alipobandika vidole vyake kwenye mashine, akapigwa picha na kuweka sahihi. Akiweka kidole tena leo, swali limekwisha.

Na hili si jambo la kufikirika. Tumelifanya nchi nzima. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, ukapewa mwisho wa Desemba 31, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Wanaokumbuka wiki zile wanakumbuka foleni za ofisi za NIDA, watu wamefika alfajiri kutafuta angalau namba ya kitambulisho ya kusajilia laini. Tangu hapo kijana aliyekaa chini ya mwamvuli kando ya barabara, na kimashine chake kidogo, anakusajilia laini. Unamtajia tarakimu 20 za namba yako, unabonyeza kidole, mfumo unajibu kwamba ni wewe, unaondoka na laini. Hakuulizi losi ripoti wala barua ya mtendaji.

Tukumbuke pia laini hiyo inabeba nini. Kwa Watanzania wengi ndiyo benki: ada ya mtoto, marejesho ya kikoba, mauzo ya gengeni, pesa aliyotumiwa mama kijijini. Serikali imekubali kwamba kidole kinatosha kufungua mlango huo, tena kikibonyezwa mbele ya wakala wa kampuni binafsi chini ya mwamvuli. Halafu kidole kile kile, ndani ya ofisi ya mamlaka iliyokisajili, hakitoshi mpaka kisindikizwe na karatasi ya polisi. Hapo mimi sioni usalama. Naona mazoea ya zama za mafaili yaliyowekewa mfumo bila mtu kuuliza kama bado yana kazi.

Watetezi wa ripoti wana hoja moja nzito, na siikatai. Kadi yako ikiokotwa na tapeli akafanyia uhalifu, ripoti yenye tarehe inaonyesha kwamba kufikia siku ile ulikuwa umekwisha kusema haiko mikononi mwako. Ni kinga ya maana, na ningemshauri kila mtu aichukue. Lakini kama ni kinga yangu, iwe hiari yangu, isiwe kigezo cha kupewa kadi. Au kama ni lazima NIDA waione, waione wenyewe. Kauli ya kwamba mifumo ya serikali isomane tumeisikia majukwaani mpaka tumeikariri. Mfumo wa polisi na mfumo wa NIDA vyote ni vya serikali moja, na vyote vinanijua. Kwa nini niwe mimi wa kuchapisha karatasi ya mfumo mmoja na kuipelekea mfumo mwingine? Mwananchi amegeuzwa tarishi, na nauli anajilipia.

Kidole nacho kina mapungufu yake. Fundi ujenzi aliyeshika saruji miaka ishirini, mama wa shamba, mzee wa miaka themanini, wote wanaijua ile kauli ya "alama hazisomi". Anafuta kidole kwenye nguo, anajaribu gumba, anajaribu cha pili, foleni nyuma inaanza kuguna. Watu hawa wanahitaji njia nyingine, ya picha na maswali ambayo jibu lake analijua mwenyewe. Ila hata kwao losi ripoti haileti kitu, kwa sababu haijabeba uthibitisho wowote wa sura wala wa mwili.

Kuhusu elfu ishirini, nitasema kidogo. Kwa mwenye mshahara si pesa ya kumkosesha usingizi, kwa mama anayekaanga samaki ni mtaji. Kenya nako walipandisha ada ya kitambulisho kilichopotea kutoka shilingi 100 hadi 1,000 mwaka 2024, na ukiibadilisha kwa shilingi yetu unakuta tunakaribiana sana. Anayesema ada ikiwa kubwa watu watatunza kadi zao aje apande daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, kisha aniambie aliyeporwa pochi mlangoni alizembea wapi.

Kinachonisumbua zaidi kuliko ada ni ile kompyuta ya steshenari. Huduma ikisemwa ni ya mtandaoni, wapangaji wanamfikiria mtu mwenye simu janja, bando na barua pepe yake. Yule mzee hana. Kwake mtandao maana yake ni kijana wa steshenari, na kijana huyo anajua jina lake kamili, namba yake ya simu na tarakimu zote 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Nikiwa nasubiri kopi zangu niliona mafaili yamejipanga kwenye kioo, kila moja na jina la mtu: ripoti za upotevu, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya wanafunzi. Hakuna aliyefutiwa chake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, lakini sijawahi kuona kibandiko mlangoni mwa steshenari kinachomwambia mteja aombe faili lake lifutwe kabla hajaondoka. Mjazie mtu fomu, mchapishie, futa. Ni kazi ya dakika moja tu hiyo.

Na wewe uliyepoteza, kabla hujaanza mizunguko, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Zile meseji za kitapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii" hutoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu, na mara nyingi mtu huyo hana habari. Halafu kariri tarakimu zako 20, au ziandike mahali ambapo si ndani ya simu wala pochi. Benki na laini wanachohitaji hasa ni namba. Wapo Watanzania walioishi miaka kadhaa na namba bila kadi, na mwanzoni mwa 2025 NIDA ilifika mahali pa kutangaza kwamba itasitisha namba za watu ambao vitambulisho vyao vimetoka na hawaendi kuvichukua.

Ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu kutoka kwa watengeneza mifumo wetu, wala nisingeomba kadi iletwe nyumbani. Ningeomba njia ya muokotaji. Vitambulisho vingi vinavyopotea haviendi kwa matapeli. Vinaokotwa na watu wema wasiojua wavipeleke wapi. Utaviona vimechomekwa kwenye kioo cha duka la dawa, vimebandikwa mlangoni mwa msikiti, au vimewekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, picha na namba yote wazi, "mwenye nacho anitafute". Wema mtupu, na hatari tupu. Muokotaji angepiga namba fupi bila malipo, akaingiza tarakimu zilizoko kwenye kadi na kuchagua ofisi ya mtendaji wa kata atakakoiacha. Namba ya simu ya mwenye kadi NIDA walishaichukua siku ya usajili, kwa hiyo ujumbe ungemfikia palepale kwamba kitambulisho chake kiko kata fulani, aende na kidole chake. Yule mzee wa Mbagala angebaki na elfu ishirini yake, na sisi wengine tungejua kweli kilipotelea wapi.