Kabla ya Poland, Dai Barua Yako Tunduma

Madereva wa malori wa huku kwetu wanataka kwenda nje, na mimi siwalaumu hata kidogo. Nina steshenari Uyole, Mbeya, pale njia ya Tunduma inapoachana na ya Kyela, na hazipiti siku nyingi bila dereva kuingia akitaka nimtengenezee CV ya Poland, ya Kanada au ya Dubai. Wengi ni watu wazima wenye familia, wametulia, wanajua wanachokitafuta. Nimewaandikia wengi kiasi kwamba sasa nina jambo la kusema, na nitalisema bila kuzunguka: dereva wetu anakwama hapahapa nyumbani kabla hajafika ubalozi wowote, kwa sababu ameendesha semi nusu ya umri wake na hana karatasi hata moja, hata barua ya mwajiri wake, inayosema hivyo.

Kuna kaka mmoja wa Mbalizi alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na leseni ya Daraja E, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Nikamuuliza, "Kaka, mkataba wa kazi uko wapi?"

"Mkataba gani tena, dada? Tajiri ananipigia simu, mzigo uko Dar, naenda nachukua kichwa, naondoka."

"Na NSSF?"

Akatikisa kichwa. Nikafungua pasipoti yake. Kurasa zilikuwa zimejaa mihuri ya Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, mingine imegongwa juu ya mingine kwa kukosa nafasi, hadi ukurasa wa mwisho. Ile pasipoti ndiyo ilikuwa CV yake. Ila mwajiri aliyeko Poznań, Poland, hawezi kuisoma. Muhuri unaonyesha kwamba mtu kavuka mpaka. Hausemi alikuwa ameshika usukani wa nini, na hata abiria wa basi la Lusaka anagongewa huohuo.

Inauma, maana huyu mtu anajua kazi. Anayepakia shaba Kolwezi au Lubumbashi na kuileta Dar es Salaam anavuka Zambia nzima, anapanda na kushuka milima ya Mbeya, halafu akishapita Ilula anaanza kuishuka Kitonga akiwa na karibu tani 30 mgongoni. Pale huchezi. Gia unaichagua kabla mteremko haujaanza, breki ya injini inafanya kazi yake, na mguu unauzuia usiikalie breki ya kawaida mpaka ikachemka. Asiyejua hilo ndiye tunayemkuta kwenye korongo. Kuna kitu kingine ambacho watu hawakifikirii: Ulaya wanaendesha kulia, na wengi hudhani hilo litamshinda Mtanzania. Dereva wetu wa njia ya Congo alishazoea kuhama upande. Akivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Congo anakwenda kulia akiwa na gari lenye usukani wa kulia, ambalo halimwonyeshi vizuri anayekuja mbele akitaka kupita. Ukungu wa Makambako na Mlima Nyoka anaujua. Barafu ndiyo hajawahi kuiendea, na hiyo inafundishika.

Ujuzi upo na karatasi haipo. Kwenye pengo hilo ndipo wakala wa uongo anapoingia, maana anauza kilekile ambacho dereva amekosa. Anakuandikia barua ya kampuni ambayo hukuwahi kuifanyia kazi, anagonga muhuri aliouchongesha mwenyewe, anakuwekea miaka na mishahara. Halafu anataja bei yake, na mtu anauza shamba la kahawa Mbozi au kiwanja alichokuwa anajenga taratibu kule Iwambi. Barua ile ikigundulika Kanada, hupotezi fedha peke yake. Sheria yao ya uhamiaji inamfungia miaka 5 mtu aliyetoa taarifa za uongo, kwa hiyo hata miaka yako ya kweli barabarani haitakusaidia tena katika muda huo. Na mwajiri wa Kanada anayeleta mfanyakazi wa muda kutoka nje haruhusiwi kumtoza gharama za kumtafuta, yeye wala wakala wake. Anayekuambia ulipie kazi amekwishakuonyesha kwamba kazi hiyo haipo, au ipo kwa mtu atakayekukamua ukifika.

Tena kufoji uzoefu wa lori ni hatari kuliko kufoji uzoefu wa kazi ya mezani. Aprili 2018, katika jimbo la Saskatchewan, lori lilipita kwenye alama ya kusimama, likagongana na basi la timu ya vijana wa mpira wa magongo wa barafuni. Watu 16 walikufa. Dereva alikuwa mhamiaji mgeni kwenye kazi hiyo, aliyeachiwa lori lenye matela mawili baada ya mafunzo mafupi. Sisemi alidanganya mtu. Nasema alipewa gari asilolimudu, na akafungwa miaka 8. Baada ya hapo majimbo ya magharibi mwa Kanada yakaweka mafunzo ya lazima kwa madereva wapya wa malori makubwa. Kaka anayeniambia "dada, ongeza miaka mitatu pale" simwandikii, na hii ndiyo sababu.

Ulaya kila kitu ni karatasi. Leseni yetu ya Daraja E haikuruhusu kukaa kwenye lori la kampuni ya Poland na kuondoka. Unatakiwa upate leseni ya kule, na juu yake sifa ya udereva wa kazi ambayo huandikwa kwa namba 95 kwenye leseni: mafunzo ya saa 280, au 140 kwa njia ya haraka, kisha saa 35 za kurudi darasani kila baada ya miaka 5. Dereva wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anahitaji pia cheti maalumu cha kuvuka mipaka, na anayekiomba ni mwajiri mwenyewe. Wakala wa Mwanjelwa hana cha kukuuzia hapo. Ndani ya gari kuna takografu inayoandika kila dakika unayoendesha. Ukiendesha saa 4 na nusu, unapumzika dakika 45. Kwa siku ni saa 9, unaweza kufika 10 mara mbili tu kwa wiki, na wiki mbili zikijumlishwa zisizidi 90. Mapumziko kamili ya wiki, saa 45, hairuhusiwi kuyalala ndani ya kabini. Nikiwasomea madereva hayo hunyamaza, maana wao wamelala kwenye kabini foleni nzima ya Tunduma, na simu ya tajiri inayouliza "uko wapi sasa hivi?" ndiyo takografu wanayoifahamu.

Hapa niseme kitu ambacho baadhi ya kaka zangu hawatakipenda. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, na Mei wakagoma tena. Walikataa kulazimishwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na walitaka mikataba ya ajira. Naelewa hasira ya dereva kusoma kwa fedha yake wakati gari si lake. Lakini la darasa si la kupigania tena, kwa sababu huko mnakotaka kwenda darasa halikwepeki. La mikataba lilikuwa la haki siku ile na ni la haki leo, na ndilo lililoachwa likapoa.

Karatasi haimlindi mtu kwa kila kitu, hilo nalijua. Mwaka 2023 madereva wengi wao kutoka Georgia na Uzbekistan, walioajiriwa na kampuni za Poland, waliegesha malori yao kwenye kituo cha Gräfenhausen huko Ujerumani, karibu na Darmstadt, wakagoma kwa sababu mishahara yao haikuwa imelipwa. Mwenye kampuni alikwenda na walinzi wa kukodi na gari la kivita ili achukue malori kwa nguvu, polisi wakaingilia. Wakakaa wiki kadhaa mpaka wakalipwa. Miezi michache baadaye kundi jingine, kubwa zaidi, likagoma palepale, na baadhi yao wakaacha hata kula. Kwa hiyo yeyote anayewaambia kwamba Ulaya hakuna tajiri mbaya anawadanganya. Lakini tazameni kilichowasaidia wale watu: kila mmoja alikuwa na hesabu ya siku zake, kumbukumbu za gari, ujumbe wa bosi kwenye simu, na wenzake waliokataa kuondoka. Waliweza kuionyesha dunia kiasi wanachodai. Dereva wa kwetu akiachishwa kazi Tunduma kwa simu ya dakika moja, ataonyesha nini?

Marekani msiniulizie kwa sasa. Agosti 2025 serikali yao ilitangaza kusimamisha visa za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Uingereza nayo iliita madereva wa nje mwaka 2021 ilipoishiwa, kwa visa fupi za miezi, na mlango ule ulifungwa. Nchi za Ghuba ziko wazi zaidi na haziombi mlolongo mrefu kama wa Ulaya, ila kibali chako kule kinafungwa kwa mwajiri, na mwajiri akishika pasipoti yako unakuwa huna pa kugeukia. Anayekwenda Ghuba apite kwa wakala aliyesajiliwa, aende TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, akaulize jina la wakala huyo kabla hajatoa hata nauli ya kwenda Dar kwenye usaili.

Turudi hapa nyumbani, maana kazi iko hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi, na inamtaja waziwazi mfanyakazi anayefanya kazi ndani au nje ya nchi. Dereva wa Tunduma anakwenda nje ya nchi kila safari. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha. Na NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo sehemu ya mwajiri ni angalau nusu, inaacha kumbukumbu ambayo hakuna wakala anayeweza kuifoji: mwezi kwa mwezi, jina lako na jina la kampuni. Ukiwa na michango ya miaka minane unakuwa na uzoefu wa miaka minane unaothibitishika. Ni haki tunazozidai kama mambo ya uzeeni, kumbe kwa dereva anayetaka kuondoka ndiyo nauli yenyewe.

Nimezungumza na matajiri wachache wanaopita hapa. Hofu yao ni moja, na ninaiheshimu kwa kuwa wanaisema wazi: nikimpa barua ataondoka. Ni kweli, wengine wataondoka. Lakini watu wa Mbeya walikwenda Copperbelt, walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodini, hakuna aliyewazuia kwa kuwanyima barua. Tajiri anayemficha dereva wake karatasi hambakizi, anampeleka kwa mfojaji. Na dereva mwenye mkataba, mwenye posho inayojulikana, ambaye anapita nyumbani Mbalizi njiani na kula ugali na wanawe kabla ya kuendelea na safari, ana sababu ya kubaki ambayo Poland haiwezi kumpa. Wake zao wananiambia hivyo hivyo wakija kutoa kopi za vyeti vya watoto.

Nao wanaokwenda, waende kifua mbele. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia Wapoland waliletwa kuishi hukuhuku kama wakimbizi, Ifunda kule Iringa na Kidugala kule Njombe. Walipokelewa kama watu. Leo nchi yao ndiyo yenye nguvu kubwa kwenye usafirishaji wa malori Ulaya na inahitaji madereva. Kijana wa Ifunda anayeomba kazi kwao anapeleka ujuzi, haombi sadaka.

Barua ninayoisema ni ya ukurasa mmoja. Iwe na jina na anwani ya kampuni, tarehe uliyoanza na uliyoacha kama umeacha, aina ya gari uliloendesha na kama lilikuwa la gia za mkono, uzito wa mzigo, njia zako na mipaka uliyovuka, ajali kama zipo, kisha jina na simu ya mtu atakayejibu akipigiwa kwa Kiingereza, sahihi na muhuri. Ukija Uyole na tarehe zako za kweli, ya Kiswahili na ya Kiingereza nakuandikia bure. Tajiri asome, arekebishe anachoona si sawa, asaini. Uiombe ukiwa bado uko kazini, mnaelewana. Kama umeshaachishwa na amekataa kukupa chako, usikae nyumbani unasubiri huruma yake. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanapokea shauri la kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Andika tarehe aliyokukatalia, uende.