Ile shindano iko na nini ndani?

Juma iliyopita nilimsindikiza mama jirani kupimisha mtoto kilo, huku Kadutu, Bukavu, mtoto ana wiki 6, siku ya vakse (chanjo) yake ya pili. Tulikaa kwenye benchi karibu masaa mbili. Zamu yake ilipofika akauliza kitu kimoja tu juu ya sindano, tena kwa heshima: "Munganga, ile shindano iko na nini ndani?" Akajibiwa: "Mama, leta muguu ya mutoto, batu beko bengi." Yule munganga alikuwa amechoka na foleni ilikuwa ndefu kweli, naelewa, lakini nilimwona mama anamshika mtoto kwa nguvu zaidi, na njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipopita soko.

Swali lake lina jibu, tena kwa Kiswahili hiki hiki chetu, na mimi naumia sana nikiona mtu ananyimwa.

Neno lenyewe kwanza, chanjo. Kuchanja ni kukata, kuni zinachanjwa, na mtu akikatwa wembe kidogo kifuani halafu akapakwa dawa pale penye damu, amechanjwa. Huku Kivu hilo neno liko na historia yake. Mwaka 1964 waasi walioitwa Wasimba walichanjwa chale hivyo, wakanyunyiziwa maji, wakaingia vitani wakilia "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, juu waliambiwa risasi itageuka maji, na risasi haikugeuka. Sasa mzee wa hapa akisikia megafoni ya bareko, wale wahamasishaji wa afya wa mtaa, inapita "leteni batoto bachanjwe", njo anakumbuka ile, na ukimwambia tu vakse ni muzuri kwa afya bado hujamjibu kitu. Mwambie tofauti iko wapi. Dawa ya Wasimba haikuwa na kitu chochote ndani kinachofanana na risasi. Chanjo iko na kitu cha ugonjwa wenyewe, kimetolewa makali, ao kipande chake tu, mwili unakiona mapema, unashika sura yake, siku ugonjwa wenyewe ukija mwili unaujua tayari.

Na wasituambie hii ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani, na aliyekuwa ameeleza dawa kule ni mtumwa Mwafrika waliyemwita Onesimus, alimwambia bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao mtu anakatwa ngozi kidogo, anatiwa usaha wa mgonjwa wa ndui, anaugua kidogo halafu hashikwi nayo tena, akamwonyesha na kovu lake. Daktari Zabdiel Boylston akajaribu kwa watu karibu 240, wakafa 6, wakati kati ya wale karibu 5,900 waliougua mji ule walikufa 844. Sita ni wengi, ile chanjo ya zamani ilikuwa ndui ya kweli na ilikuwa na hatari yake, na ndiyo maana Edward Jenner mwaka 1796 alipotumia ndui ya ng'ombe, ambayo haiui mtu, mambo yalibadilika, hata hilo neno vakse linatoka kwa ng'ombe, vacca kwa Kilatini. Mwaka 1980 OMS, shirika la afya duniani, ikatangaza ndui imekwisha duniani, njo maana sisi vijana hatuna lile kovu la chanjo ya ndui begani lenye koko zetu wako nalo.

Lakini mtu aliyenifundisha hii mambo vizuri kuliko wote ni shangazi yangu wa Walungu, na yeye analima soja. Soja nayo inachanjwa. Unalowanisha mbegu na maji ya sukari kidogo, unachanganya na unga mweusi kama masizi, unafanya kivulini juu jua linaua vijidudu vilivyomo, unapanda siku hiyo hiyo. Shangazi alikataa mwanzoni, akasema hataki uchawi shambani kwake. Agronomu hakumkasirikia, alirudi wakati soja inatoa maua, akang'oa mmea mmoja pale waliochanja na mwingine pale pengine, akamwambia apasue mwenyewe vile vinundu vya kwenye mizizi. Nilikuwepo. Alikipasua kimoja kwa kucha, ndani nyekundu kama nyama, maana yake vijidudu viko kazini, vinavuta azote (naitrojeni) ya hewa na kuilisha soja. Kingekuwa cheupe ao kijani, bure. Ya shamba lingine ilikuwa na vinundu viwili vitatu tu. Shangazi alinyamaza, halafu akauliza unga unauzwa wapi.

Ile ilichukua dakika kumi. Kwa nini shamba lipate dakika kumi na mama wa mtoto asipate hata mbili? Najua foleni, najua mishahara inavyokuja, lakini reko mmoja anaweza kusimama mbele ya benchi asubuhi, mama wote wamekaa pale hawana pa kwenda, akaeleza mara moja kwa wote.

Jioni nikaenda kwa jirani, nikamweleza: ile ya leo mguuni iko na vitu vitano, ya dondakoo, ya pepopunda, ya kifaduro, ya ini na ya ule ugonjwa unaoshika mapafu na ubongo wa watoto. Mtoto akiwa moto usiku huu, mwili uko najifunza, joto likizidi ao lisiposhuka turudi kituoni.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunua mkono wa kushoto wa mtoto. "Na ile ya siku alizaliwa, njo ilileta kale kapele?"

Njo ile, nikamwambia, ya kifua kikuu, kapele katatoa usaha kidogo, katakauka, katabakiza kovu, usikapake kitu.

Akakaangalia kwa taa ya simu, muda mrefu. "Hakuna mutu aliniambiaka," akasema. Kisha akauliza wiki ya 10 inaangukia siku gani.