Usiichomoe karatasi mapema

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye chumba cha giza, tunamosafishia picha, ni haraka. Mtu ametandaza majani ya mwarobaini juu ya karatasi ya picha, amewasha taa ya mashine ya kukuzia kwa sekunde kadhaa, kisha ameitumbukiza karatasi kwenye trei ya dawa ya kuitokeza picha. Weusi unaanza kupanda. Anaona unapanda mbio, anaingiwa na hofu, anaichomoa. Anabaki na kijivu chenye mabaka.

Picha ya kivuli, ile isiyopigwa kwa kamera, haivumilii jambo hilo. Jani limeikinga karatasi, kwa hiyo linatoka jeupe, na weupe huo unategemea weusi unaolizunguka. Weka bilauri: kioo kinaupinda mwanga na kuacha pete za kijivu, laini kama moshi. Pete hizo zinapotea kabisa pale ambapo weusi haukukomaa. Wasanii Man Ray kule Paris na Moholy-Nagy kule Berlin walianza kuzitengeneza picha hizi mnamo 1922, na nguvu ya kazi zao ninaiona kwenye weusi ule mzito.

Msimamo wangu ni huu: kiasi cha weusi hurekebishwa kwenye mwanga, kamwe si kwenye dawa. Karatasi yenye plastiki ikae dakika moja na nusu kamili, au muda ulioandikwa kwenye pakiti, huku ukiitikisa trei polepole. Ikizidi weusi, punguza sekunde za taa. Kata kipande cha kujaribia, kifunike kwa kadi na kukifunua hatua kwa hatua chini ya taa, kisha chagua muda mfupi kabisa uliotoa weusi kamili.

Dar es Salaam joto linazidisha kishawishi. Dawa hupimwa kwa nyuzi 20, maji yetu ya bomba yana joto zaidi, na dawa ya moto hukimbia. Mimi huiweka trei ndani ya beseni la maji lenye chupa ya barafu.

Juzi kijana ninayemfundisha aliweka kipande cha lesi ya bibi yake. Kwenye sekunde ya thelathini mkono ulishaanza kwenda. Nikamwambia, “Acha, mwanangu.” Akakunja mikono kifuani, macho kwenye saa. Baada ya siki ya kuisimamisha dawa, na dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga, tukawasha taa nyeupe: kila uzi mweupe, kila tundu jeusi tii, hata pale bibi alipotia kiraka.